Diski Yenye Sauti ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mdogo wangu kasema "nina kiu." Nimehesabu: sekunde arobaini na mbili tangu achague neno kwa macho hadi kompyuta itamke. Mama keshatoka chumbani zamani. Ugonjwa umemmaliza misuli, ulimi ndio uliotangulia — kompyuta ndiyo mdomo wake. Na mdomo wenyewe una diski kuukuu ya kuzunguka, inasaga kama kinu. Na mimi fundi wa kompyuta miaka kumi na tisa! Mganga hajigangi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua pale pale chumbani, ananitazama. Njia mbili. Diski mpya ya SATA: inachomekwa ilipokuwa ya zamani, kazi imekwisha. Au NVMe, kile kijiti chembamba, kasi yake usiseme — na nafasi ya kijiti nimeiona kwenye bodi. Bosi wangu dukani kasema weka SATA upumzike, mashine hiyo imezeeka, itakutoa jasho. Sikumsikiliza. Nataka aongee kama zamani, atukatize maneno!

Nilipoiwasha tena, mdogo wangu mwenyewe kaniuliza, polepole, kwa sauti yake ile aliyoirekodi ulimi ulipoanza kuwa mzito: "Dada, unataka niongee, au unataka kushinda?"

Tumecheka. Yaani mimi nimecheka, yeye macho tu. Halafu ikaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

NVMe imekataa. Nafasi ipo, ndiyo — lakini ni ya vijiti vya SATA tu, si vya NVMe! Umbo moja, lugha mbili. Mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua hilo. Sikusoma kitabu cha bodi, nilikuwa na haraka ya kujivuna. Nimejaribu kupitia kadi ya kuunganishia: kompyuta inaiona, lakini haiwaki nayo. Siku mbili mashine iko wazi, hajasema neno. Mkewe hakunigombeza. Kaniambia tu kwamba mtoto anauliza, baba amenuna?

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha ya zamani. Tk. Tk. Tk. Imewaka, akasema "Mama" — ikaganda. Mama alikuwa keshainuka kwenye kiti.

Nakala ya rekodi za sauti yake, zilizomo humo kwenye diski? Sina. Kila mteja namhubiria nakala.

Jumapili, 9 Machi

SATA imefika. Bosi kaileta mwenyewe, hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema.

Nanakili tangu asubuhi. Asilimia themanini na tatu — imekwama. Folda ya majina. Alitutaja sote humo. Jina la bintiye kalirekodi mara saba: la kumwita, la kumkanya, la kumbembeleza, mengine hata sijui ya nini.

Programu inauliza: ruka, au jaribu tena? Nikiruka, majina ndiyo basi, lakini sentensi zilizobaki zitapona. Nikijaribu tena, huenda diski ikafa na vyote, abaki na sauti ya bati ya kompyuta.

Sithubutu. Nimeshaamua vya kutosha wiki hii. Nimepiga magoti kando ya kitanda, nimemweleza yote, hata kosa langu la kile kijiti. Mkewe kageukia dirishani. Mtoto kamshika baba kidole. Nikamwambia: fumba macho mara moja, niruke. Mara mbili, nijaribu tena.

Kule mezani, tk. Tk.

Naandika huku namtazama. Amefumba, mara ya kwanza.

Bado hajafumbua.