Poda kwenye Kichwa cha Neema

Mpulungu, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Riziki,

Barua hii ikukute hapo Kilibula ukiwa mzima, wewe na nyumba yako yote. Goti lako la kushoto linasemaje? Bado linakusumbua ukiinama kuanika ndagala, visamaki vyako vile? Mimi huku kwenye ncha ya pili ya ziwa niko mzima wa mwili. Wa moyo, utaona mwenyewe.

Nimeandika kwa herufi kubwa na kuruka mstari, kama daftari la mwaka wa kwanza. Usicheke. Na usimpe Neema akusomee, wala jirani. Jisomee mwenyewe, kidole chini ya neno, hata ukitoka jasho. Mama wa boti anayekuletea karatasi hizi atakaa Uvira juma moja kabla ya kurudi huku, kwa hiyo muda unao. Unajua nilichomtuma: arudi na Neema, mtoto wangu. Nilipokwambia kwa simu ulisema, "Mutoto ni wako, Sifa. Ukimutaka, mukamate." Basi, neno langu la mwisho juu ya jambo hilo nimeliandika chini kabisa, makusudi. Usirukie.

Kazi yangu ni ileile, kupika uji katika jiko la shule ya msingi. Kila asubuhi nazungusha mwiko kwa ajili ya watoto wa wenzangu. Mwalimu mmoja hapa aliniambia kwamba mtoto aliyekula asubuhi hushika somo upesi, nikamwamini. Ndiyo maana nilikuwa nakutumia unga wa uji. Nikaongeza viatu, mfuko wa mgongoni, taa ya jua, madaftari yenye jalada gumu. Kila kitu nilichodhani kinaingiza akili kichwani mwa mtoto nilikipakia kwenye boti.

Kisha ikaja picha ya siku ya kutangazwa matokeo. Neema wa pili darasani! Mtoto niliyekuachia akiwa karibu na mkia. Amesimama kwenye uwanja wa shule, kichwa cheupe kwa poda tunayowamwagia waliofaulu, meno yote nje, na wewe kando yake, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Dada, sitakuficha: sikumtazama mtoto kwanza. Niliikuza picha kwa vidole nikatazama mikono yako. Kopo la poda lile nililinunua mimi, nikalituma mimi, na siku ya kulifungua mimi sikuwepo.

Picha ya pili ilikuwa buletini, karatasi yake ya alama. Penye sahihi ya mzazi, mahali ulipokuwa unaweka msalaba wako, nikaona herufi sita zimeyumba: Riziki. Nilifikiri umemwomba mtu akuandikie. Nikampigia Neema.

"Mama, ni Mama mukubwa mwenyewe njo alisinye," akasema. "Minye nilimufundisha."

"Na wewe, nani anakufundisha huko nyumbani?"

"Hakuna. Tukianika ndagala, Mama mukubwa ananiulizaka tu: 'Leo mwalimu alisema nini?' Nikimuelezea vibaya anasema, 'Sijasikia. Rudilia.' Siku ingine nilirudilia mara ine, mupaka nikalia."

Akanisimulia habari ya nusu ya robo. Eti alikwambia jibu ni robo tatu, nawe ukamwekea fungu la ndagala kwenye sahani, ukamwambia, "Gawa. Hizo robo tatu ziko wapi? Nionyeshe." Akagawa, akazitafuta, hakuziona. Alikuwa anacheka alipokuwa akinieleza. Kwangu mtoto huyu hakuwahi kucheka kwa sababu ya hesabu.

Nilikata simu nikasingizia mtandao. Nilishikwa na wivu, dada, na si wivu wa kutaniana. Ni ule unaokifanya chakula kiwe kama majivu. Siku tatu mfululizo niliunguza uji, mpaka mpishi mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Siku ya nne nikaenda bandarini nikamwambia mama wa boti: safari hii rudi na Neema.

Sikiliza kwa nini. Mama yetu alipougua, wewe ulitolewa shuleni mwaka wa pili ukabebe beseni la ndagala mpaka sokoni, mimi nikabaki darasani. Baadaye wewe ukapata kila kitu: mkono wa biashara, mume anayerudi nyumbani, heshima kando ya ziwa. Mimi nilipata diploma. Mtu akija nyumbani na karatasi, hata ya kodi ya kiwanja, aliitwa Sifa. Wewe mwenyewe uliniita! Hicho kilikuwa changu peke yangu kati yetu wawili, na sasa nakuona unaniingilia mpaka humo. Najua beseni lile lilinilipia shule. Najua, na wivu hausikii.

Na kuna jambo hujui. Neema alipokuwa kwangu, kabla sijahamia huku, kazi zake za nyumbani nilikuwa nazifanya mimi. Nikimwona anatafuna kalamu nashindwa kuvumilia. Namnyang'anya daftari, naandika haraka haraka, yeye anakwenda kuruka kamba. Nilijiona mama mwenye bidii. Siku moja mwalimu wake akaandika kwa wino mwekundu: "Mama, mwenye kufanya devoir aje afanye na examen." Nilichana ukurasa ule nikautia jikoni. Wewe ni wa kwanza kuambiwa.

Majibu yote nilikuwa nayo, kwa hiyo sikumwuliza mtoto swali hata moja. Wewe huna jibu, basi hawezi kukudanganya kwa maneno ya kukariri. Kuuliza si ujinga, ndivyo walivyotuimbisha shuleni. Kumbe aliyeishika methali ile ni wewe uliyetolewa. Usidhani wivu umekwisha kwa sababu nimeandika hivi. Upo, umekaa hapa mezani pamoja nami, na unataka nikuandikie vibaya.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, umwambie hata kelele za redio yake ninazikumbuka. Mjomba wetu wa Luvungi akishuka na pikipiki yake, mwambie apunguze mwendo, ana wajukuu. Shangazi wa Rugenge, yule aliyetulea mama alipolazwa, mwambie kitenge chake kiko mikononi mwa mama wa boti, asikubali kupewa kingine. Neema usimsalimie. Salamu za Neema nitampa mwenyewe kwa simu, hizo hazipiti mikononi mwako.

Sasa umefika chini.

Mwambie mama wa boti arudi peke yake. Neema abaki kwako mpaka amalize mwaka wa sita. Viatu vikimbana nijulishe, hilo bado naliweza. Na kila Jumapili baada ya kanisa anipigie anieleze somo moja, kama anavyokueleza wewe. Nitauma ulimi nisimpe jibu. Nitasema tu, "Sijasikia. Rudilia." Nimeanza kujizoeza mbele ya sufuria, wenzangu wananicheka.

Kama umesoma mpaka hapa bila kumwita mtoto, andika jina lako chini ya langu na unirudishie ukurasa huu. Hiyo ndiyo examen yako, na mimi ndiye nitakayesahihisha. Poda iliyobaki kwenye kopo mpe jirani mwenye mtoto mchanga. Mwakani siku ya matokeo nakuja mwenyewe na kopo jipya, na usijifiche nyuma ya wazazi wengine, kwa maana vichwa vya kumwagia vitakuwa viwili.

Mdogo wako,
Sifa