Macho ya Kwenye Kitambaa

Dada Kadzo,

Pokea salamu zangu kutoka Likoni. Huku mvua haikatiki, picha napigia dirishani tu. Mwenyeji wangu, Mama Rehema, hujiliwaza kwa kudarizi nyuso za watu kwenye vitambaa vya kochi, akiangalia picha zao. Nikampa yako. Akadarizi uso wote, ila macho hakuyatia.

"Macho nawatilia waliokufa tu, mwanangu," akaniambia.

Leo baada ya chakula tumekuta macho yameshatiwa, nayo yamefumbwa. Mama Rehema anaapa hajagusa sindano. Nakupigia simu, hupatikani.

Kadi hii nampa dereva wa basi la Malindi. Nakuombea uzima, dada yangu. Ikifika, tafadhali ipokee kwa mkono wako mwenyewe.

Nduguyo,
Charo