Sahani Nimeiacha, Kiuno Kinazidi

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana mke wangu ameshanicheka ya kutosha. Mimi ni fundi nguo, miaka ishirini na mbili nakanyaga cherehani ya miguu, na mwaka huu goti la kulia limeanza kugoma, daktari akaniambia nipunguze kilo kumi la sivyo nitaiacha cherehani kabla ya wakati, nikaogopa kweli kwa sababu kazi nyingine siijui, basi nikaacha kabisa chakula cha jioni, mwezi wa pili huu, mke wangu ananifunikia sahani na mimi naipita tu.

Ila tukifunga kazi, mimi na fundi viatu wa mlango wa pili tunakaa kidogo, bia nne kila mmoja, kila siku, na yeye anasema bia ni maji, inaingia inatoka, na kwa safari zangu za chooni nikaona kweli. Kila Jumapili najipima kiuno, sikuona kupungua, nikasingizia futi yangu ya kupimia, maana futi ya kitambaa ikizeeka inavutika, nikanunua mpya, Shangazi, ile mpya ikaniongezea inchi mbili. Suruali ya kazi nimeipanua mara tatu kwa siri, kwa uzi wowote uliokuwa kwenye cherehani, na juzi mke wangu akaigeuza akaona mishono ya rangi tatu. Hakugomba, aliniuliza tu, "Baba watoto, sahani umeiacha, sasa hiki kiuno kinakula wapi?" Mpaka leo najiuliza, hivi pombe nayo inahesabika? Kama inahesabika, mbona haishibishi?

Fundi wa Goti Bovu

Fundi, pole kwa goti. Kucheka nimecheka kidogo, nisamehe. Fundi mzima umesahau kwamba futi iliyovutika inapunguza vipimo? Ile ya zamani ilikuwa inakupendelea.

Pombe inahesabika sana. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori kama mia mbili. Nne ni mia nane, na sahani uliyoiacha huenda haifiki hapo. Kinachotoka chooni ni maji, kalori unabaki nazo. Tena mwili hauna pa kuweka pombe, unaichoma kwanza, na mafuta ya chakula cha mchana yanasubiri zamu yake kiunoni. Kutoshibisha ndiko kunakokuponza, maana ungeshiba ungeacha chupa ya pili.

Sasa nisikilize. Chakula cha jioni ule, kwa kiasi. Bia iwe Jumamosi tu, moja, ikizidi sana mbili. Siku nyingine kaa na rafiki yako kwa maji, wala usinikimbilie kwenye soda, ni yale yale. Mweleze daktari hizo bia nne, hasa kama anakupa vidonge vya goti, na ukipunguza ukaona mikono inatetemeka, rudi kwake haraka. Kisha chukua mkasi, mkeo akiwepo, ukate kitambaa chote cha akiba kilichobaki kwenye kiuno cha suruali hiyo, usiweze kuipanua tena.

Ukimaliza, kaa mezani, funua sahani yako, na mjibu mkeo swali lake. Mwambie kiuno kilikuwa kinakula kwa fundi viatu.