Kigari cha Viti Viwili, Kutoka Tukuyu Hadi Kyela

Atupele mjukuu wangu,

Ugonile? Huku Ipinda hatujambo, mpunga umechanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kutoka huko chuoni Mwanza: nilijua lini kwamba nimekuwa fundi kweli?

Nilikuwa msichana, nafanya kazi gereji Tukuyu. Kililetwa kigari cha Kiingereza cha michezo, cha zamani, wazi juu, pedali ya breki inazama mpaka chini. Nikabadilisha raba za breki zilizovimba, nikatoa upepo kwenye mabomba, pedali ikakaza. Sheria ya gereji yetu: aliyetengeneza breki hulishusha gari mwenyewe hadi Kyela, na kando yake anaketi mtu wa kwao.

Nikamchukua mama. Mteremko ule aliuogopa. Kwenye basi alikuwa akisali njia nzima. Akaingia, akapakata mkungu wake wa ndizi.

"Breki umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama."

Tukaanza kushuka. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga, kigari kikatii. Nikamgeukia, nikidhani anasali.

Alikuwa amelala.

Nimesifiwa na wengi tangu hapo, Atupele, lakini sijasikia sifa inayouzidi mkoromo ule.

Bibi yako, fundi.