Betri ya Taa Yako

Chacha,

Gari lako bado linakimbia. Jumapili iliyopita nililikimbiza Mugumu mimi mwenyewe, baada ya miaka kumi na minne bila kushika rimoti. Nilitoka wa nne. Ungenicheka mpaka ukae chini, maana walionishinda ni walimu wawili na muuza vitenge.

Nyangoto ya sasa usingeitambua. Ule mchanga wa marudio, mabaki ya mawe ya dhahabu, tuliokuwa tukiusawazisha kwa koleo kila Jumapili ili magari yapite, siku hizi una karasha tatu za kusaga mawe, kelele kutwa. Kibanda changu cha kuchaji kilibomolewa. Nipo Tarime mjini, natengeneza simu, nimenenepa.

Gari aliniletea Bhoke, mkeo. Aliingia dukani akaliweka mezani.

“Fundi, nasikia Mugumu wanashindanisha haya. Litengeneze, ulikimbize wewe. Mimi nataka tu kuliona likienda.”

Sikumwambia kwamba nilishaapa kutoyagusa. Nilibadilisha mota na tairi mbili, kazi ya saa moja. Nilikaa nalo wiki nzima.

Wewe hukujua kitu, Chacha, ndiyo maana naandika. Jumapili ile ya mwisho taa yako ya kichwani ilikuwa kwangu, inachajiwa. Betri ya gari langu ilikuwa imechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kushindwa na wewe. Nikaitoa betri ya taa yako nikaitia kwenye gari langu. Nilikusudia kuichaji na kuirudisha jioni ileile, umeme ukakatika. Asubuhi Bhoke alipokuja kuchukua taa, nilikuwa nimeshaweka betri yangu kuukuu. Pale kibandani iliwaka vizuri. Akakuletea duarani, mdomoni mwa shimo la dhahabu.

Ikazimika ukiwa katikati ya ngazi, ukaanguka.

Msibani mama yako aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyeshughulikia ile taa. Bhoke akajibu, “Niliichukua mimi.” Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikaenda kuosha vyombo.

Tangu siku hiyo, kwenu yeye ndiye mwanamke aliyempeleka mumewe shimoni na taa isiyo na chaji. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Waliacha tu kumsalimia, mpaka akarudi mwenyewe kwao Nyarero. Nami nilikuwa nikimtumia sukari kila sikukuu, nikijiona mtu mwema.

Sasa kule Mugumu, gari lako lilipokata kona ya kwanza, vidole vyangu vilikumbuka kila kitu. Nilifurahi sana, na niliona aibu kufurahi. Bhoke alikuwa anapiga kelele kwenye kamba, “Kaza, mura, kaza!”, kana kwamba kijana anayemwita ni wewe. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Mashindano yalipokwisha tulikaa pembeni ya uwanja tukala mahindi ya kuchoma. Nikamwambia. Hayakuwa maneno mengi. Alimaliza hindi lake lote kabla ya kunitazama. Hakulia, hakunitukana, na mimi nilitamani anitukane.

Akaniuliza, “Siku ile ulishinda?”

Nikasema ndiyo, nilishinda.

Alitupa gunzi lake, kisha akasema, “Haya umeyaleta kwangu, na mimi siyo niliyeuliza. Aliyeuliza ni mama mkwe.”

Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda kwenu, mimi na yeye. Mama yako amezeeka lakini anasikia vizuri. Nitampa shikamoo yake, niombe majirani waitwe, kisha niseme nikiwa nimesimama. Naogopa, Chacha. Anaweza kunilaani.

Kwaheri, ndugu yangu. Sikuombi unisamehe sasa, bado sijafanya lolote. Nakuahidi jambo moja tu: tukifika mlangoni, nitatangulia mimi kuingia, na Bhoke hatalazimika kufungua mdomo.

Ghati