Mayai ya Kapinga

Jumatatu, 6 Machi 1995. Shituru.
Kuku mweupe ametaga. Nimeandika tarehe juu ya yai kwa penseli, kama kila siku, nikampa mke wangu amchemshie Kapinga, mjukuu tuliyeachiwa na marehemu binti yetu. Ana miaka minne na kifafa. Katika daftari la ugonjwa wake: yai; kuanguka, mara moja.
Umeme hakuna tangu Ijumaa. Bukari tena, ugali wa mihogo, na matembele.

Jumatano, 8 Machi
Zahanati. Vidonge vyake hakuna, mwezi wa pili sasa. Muuguzi ndiye aliyeniambia, mwezi uliopita, kwamba njaa huenda inazidisha ugonjwa huu. Hakuahidi kwamba chakula kitauponya. Nikamwonyesha daftari. Wiki tatu za mayai na dagaa, kuanguka hakupungui. Akaupima mkono wa mtoto kwa vidole vyake. Alisema mtoto anayekula hivyo hakondi hivi. Alinitazama kana kwamba mimi ni mwongo.
Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Daftari langu halijawahi kudanganya.

Ijumaa, 10 Machi
Yai. Kuanguka, mara mbili. Mke wangu anasema mtoto amelimaliza lote.

Jumamosi, 11 Machi
Kapinga ameangukia kizingiti, amepasuka juu ya jicho. Nilimlaza kwa ubavu hadi akatulia, nikamwacha kwa jirani, nikaenda kumwita mke wangu kwenye nyumba ya maombi. Mezani, bakuli la sadaka. Ndani yake mayai. La juu kabisa limeandikwa 10/3. Mwandiko wangu.
Nilimwita nje. Njiani alieleza mwenyewe. Mama anayeongoza maombi amesema mtoto wa kifafa asile yai wala samaki; akila, ugonjwa utakaa ndani milele. Basi mke wangu avitoe kwa Mungu.
"Minye nilipenda apone, Baba. Weye iko unaandika tu."
Dagaa pia, kumbe.
Miaka arobaini ya ndoa. Kila asubuhi alisimama akinitazama nikiandika uongo wake.

Jumapili, 12 Machi
Sikwenda ibadani. Sikula chakula cha mke wangu.
Nimelipiga mstari neno "yai" mara kumi na tisa, kwa rula. Sasa sijui lolote. Huenda chakula kingesaidia, huenda kisingesaidia. Wiki tatu zimeibwa, na aliyeibiwa ni mtoto.
Niandike na hili, kwa kuwa ni kweli: sikumwona Kapinga akila yai hata siku moja. Nilikabidhi, nikaandika.

Jumatatu, 13 Machi
Kuanguka, mara moja.

Jumanne, 14 Machi
Kuku ametaga. Sikuandika tarehe. Nimelichemsha mwenyewe kwenye jiko la mbabula, makaa yakinitia moshi machoni. Mke wangu alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaketi, akalichukua, akalimenya.
"Kambo, hii ni ya minye?" Kapinga aliniuliza mimi babu yake.
Nilisema ndiyo. Tukamtazama akila, sisi wawili, mpaka mwisho.