Nilifuta Mimi, Akalaumiwa Kassim

Jumapili, Mchafukoge. Tangu alfajiri mvua inanyesha kidogo kidogo, ile isiyotosha kumfungia mtu ndani. Nimejifungia mwenyewe. Sitaki kupita mbele ya duka la Bi Rehema.

Bi Rehema anadarizi kanzu na kofia hapa chini ya ghorofa letu, kwa mashine inayoendeshwa na kompyuta. Jumanne alilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito. Hakuniomba kitu. Ni mimi niliyejitia kusema, "Tatizo ni rejista. Niachie."

Nilifundisha fizikia miaka thelathini, na kustaafu hakujaniponya. Nikiona watu wawili na jambo la kueleza, nasimama kama niko mbele ya ubao. Nikamweleza yeye na wateja wake kwamba rejista ya kompyuta ni kama daftari la mjumbe wa mtaa: humo mmeandikwa kila programu inakaa wapi. Programu ikiondolewa, jina lake wakati mwingine hubaki. Nikapakua programu ya kusafisha rejista, nayo ikaorodhesha mamia ya majina iliyodai hayana wenyewe.

Kabla ya kufuta, iliniuliza kama nataka kuhifadhi nakala. Wakati huo nilikuwa nimewageukia wateja, nawaeleza umuhimu wa kuhifadhi nakala.

Nikabonyeza Hapana.

Mashine ya kudarizi ilikuwa imechomolewa ipakwe mafuta. Kwa hiyo kisafishaji changu kiliiona kama mpangaji aliyehama, kumbe ametoka tu mara moja. Kikalifuta jina lake. Ilipochomekwa tena, programu yake haikufunguka. Mezani kulikuwa na kanzu za harusi ya Ijumaa, shingo zimedariziwa nusu.

"Mwalimu, imekuwaje tena?" Bi Rehema akaniuliza.

Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nikasema, "Huenda hiyo programu haikuwekwa vizuri tangu mwanzo."

Aliyeiweka ni Kassim, fundi wa kompyuta mwenye ofisi yake mtaa wa Gerezani. Bi Rehema akampigia palepale, duka zima linasikia: "Wewe Kassim! Programu uliniwekea au uliniazima? Bwana harusi wa watu nimfunge kanga?"

Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Kassim alikuja Jumatano kwa miguu, mkoba begani. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Akawasha kompyuta, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ni ile programu ya kusafisha, pamoja na kumbukumbu zake: siku, saa, kila jina lililofutwa. Alizisoma taratibu. Akanitazama mara moja tu, kisha akafunga ukurasa.

"Samahani, mama," akamwambia Bi Rehema. "Kosa langu. Naiweka upya."

Akashinda pale mpaka jioni. Katikati ya kazi akahamisha picha zilizokuwa zimejaza diski, na kompyuta ikawa nyepesi. Kumbe rejista haikuwa na hatia yoyote. Kanzu zikawahi harusi.

Nikadhani yameisha.

Jana narudi kutoka sokoni na mfuko wa nyanya, nikamsikia Bi Rehema akimwambia jirani yake wa duka la pili, "Kassim? Usimpe kazi yule. Anaweka vitu nusunusu." Maduka ya kudarizi ya mtaa huu ndiyo wateja wa Kassim. Nikasalimia, nikapanda ngazi.

Kassim alinisitiri kwa ajili ya mvi zangu, mbele ya watu waliomcheka. Na mimi nimeuacha ukubwa wangu utumike hivyo, siku nne nzima, huku nikinywa chai yangu.

Kesho saa mbili asubuhi, Bi Rehema akiinua geti, atanikuta nimesimama pale. Nitamwomba ampigie Kassim kwa sauti ileile, wateja wakiwepo, na jirani yake nitamwita mwenyewe. Sitaeleza rejista ni nini. Sitaleta mfano wowote.

Nitasema, "Ni mimi niliyefuta," kisha nitanyamaza, waseme wao.